Mkuu wa Kaya Hajui Kupeta

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa mashine ya mpunga, Mwanjelwa, upande wa nyuma ya soko. Injini ikiwaka ndani, joto linapenya matofali na wanaume wanapashwa migongo bila kununua mkaa, na kwa baridi ya Juni ya Mbeya hiyo ni sababu tosha ya mtu kuhamia kijiweni. Benchi lenyewe ni ubao wa fuso bovu uliolazwa juu ya mawe mawili. Mwenye birika ni mimi, Lusia. Wao wananiita Mama Kahawa. Kabla ya birika nilikuwa upande wa pili wa ukuta huo, nimeshika ungo miaka minne, mpaka tumbo lilipoanza kuonekana. Mkataba wangu ulikuwa wa mdomo, na uliisha kwa mdomo wiki hiyohiyo. Kwa hiyo mkiona nasimulia kwa hasira, msishangae. Nina hasira kweli, na kahawa yangu ina tangawizi.

Asubuhi hiyo walikuwepo watatu wa kila siku. Wa kwanza Gerson, tunayemwita Profesa kwa sababu alirudia kidato cha nne mara mbili, na mpaka leo anashikilia kwamba uliofeli ni mtihani. Wa pili Yohane, Wakili, aliyewahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, akarudi na sheria zote kichwani. Wa tatu Jailos Mwambene. Huyo ni Mkurugenzi, maana benchi analiita ofisini kwake. Shughuli yake ni kusubiri fuso za mpunga kutoka Rujewa ashushe gunia mbili tatu, mgongo ukimruhusu. Mgongo humruhusu kwa nadra.

Alifika huku anacheka peke yake.

— Mmesoma karatasi getini? Jailos aliuliza kabla hata hajakaa. Ajira ya kudumu, jamani! Mnunuzi wa mchele kasema hachukui hata kiroba kimoja kama wachambuzi bado wanaishi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Leo saa nne watu wanasaini. Bima, likizo, kila kitu! Na jina la kwanza kabisa, pale juu, la nani?

— La nani? aliuliza Profesa, na alikuwa ameshasoma.

— Jailos Mwambene. Mimi.

— Hongera, Mkurugenzi, alisema Wakili. Kazi ya kudumu si mchezo.

Sasa hapo lazima niwaeleze. Jailos hajawahi kushika ungo. Anayechambua mchele ni mke wake, Tusekile, Mama Brayson, mwaka wa sita huu: anapeta pumba zitoke, anatoa kokoto, anaokota chuya, zile punje zenye maganda bado, moja moja mpaka mchele unakuwa wa kuweka mezani. Miaka mitatu nyuma ofisi iliagizwa mikataba iandikwe kwenye karatasi. Kazi hiyo akapewa msimamizi, Fanueli. Na Fanueli, kabla ya kuwa msimamizi, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na fomu pekee aliyowahi kuijaza maishani ni ya mbolea ya ruzuku. Kwenye fomu ile unaandika mkuu wa kaya. Basi akakaa na daftari lake, akawaita wanawake mmoja mmoja: "Mkuu wa kaya yako nani?" Wao walidhani ni jina la mtu wa kupigiwa simu wakiumia. Wakataja waume, na wasio na waume wakataja baba au kaka. Ndivyo wanaume kumi na sita walivyogeuka wachambuzi wa mchele bila kutoka walipo. Wanawake walisaini pembeni, kama mashahidi.

— Lakini anayefanya kazi ni Mama Brayson, nilisema huku namimina.

— Mama Kahawa, tuachie sheria sisi, alisema Wakili. Kisheria, jina ndilo mtu. Chukua shamba la baba mkwe wangu kule Tukuyu. Wanalima wanawake, hati ina jina la mzee. Umewahi kusikia jembe limekwenda mahakamani?

— Na kisayansi pia, alidakia Profesa. Mke na mume mwili mmoja, hilo hata kanisani wanalisema. Jailos kichwa, shemeji mikono. Sasa chakula kinaingia wapi? Mdomoni. Na mdomo uko wapi? Kichwani! Huwezi kulisha mikono.

— Mchumia juani hulia kivulini, alisema Jailos, na akasogea kivulini kabisa. Mke amechuma juani, mume nakula kivulini. Wahenga walishamaliza.

— Wahenga walisema ni mtu mmoja huyohuyo, nilimwambia.

— Si ndo hivyo, mwili mmoja!

Wakacheka, wakagonga vikombe. Mtu akianza ujinga kijiweni hawezi kuachwa peke yake, lazima asindikizwe.

— Mi naona tusiishie kusaini, alisema Wakili. Tuunde chama. Chama cha Wakuu wa Kaya Wachambuzi wa Mchele. Mwenyekiti Jailos, katibu mimi.

— We si mchambuzi, mkeo anauza nyanya, alisema Profesa.

— Katibu hahitaji kuwa na mke mashineni. Anahitaji mwandiko.

— Basi chama kidai sare, alisema Jailos. Na ziara ya mafunzo, Iringa, siku tatu na kulala.

— Mafunzo ya nini?

— Ya mchele!

— Na dai kubwa mmelisahau, Wakili alisimama kabisa, kidole juu. Mwaka jana nyumbani kwa Jailos kumezaliwa mtoto. Mchambuzi aliyeandikwa ni Jailos. Alipewa likizo ya uzazi? Hakupewa! Kisheria huyu bwana anaidai ofisi likizo ya uzazi!

Wakacheka mpaka Profesa akamwagikiwa. Mimi sikucheka, kwa sababu kichekesho hicho nakijua kilivyozaliwa. Mwaka jana Tusekile, mimba ya miezi minane, alikwenda kuomba likizo. Fanueli akafungua faili, akapitisha kidole, akasema kwa sauti uwanja mzima usikie: "Mwajiriwa wangu ni Jailos. Jailos ana mimba?" Watu walicheka. Tusekile alijifungua Alhamisi, na wiki ya pili alikuwa amerudi kwenye ungo, mtoto kalazwa juu ya magunia, pumba zinamwingia puani. Mtoto alikohoa mwezi mzima. Na huyu Jailos alikuwa hapahapa, kwenye benchi hili, anakunywa kahawa yangu.

— Mama Brayson mwenyewe anasemaje? nilimuuliza.

— Nimemwambia jana kwamba naenda kusaini. Kasema "sawa".

— Sawa ya namna gani?

— Kwani sawa ziko ngapi? Kasema sawa, kafunga kanga yake, kaondoka. Mwanamke mwelewa sana yule.

Nilitaka kumwambia sawa ziko ngapi, ila sikupata nafasi, kwa sababu mashine ilizimika. Haikuwa kukatika kwa umeme. Redio ya jirani ilikuwa inaimba bado. Kelele za injini zilikufa, tukaanza kusikia vitu ambavyo hatuvisikiagi pale, kama kuku, na mtu anayekohoa ng'ambo ya barabara.

Geti likafunguka. Wakatoka wanawake kumi na sita, vilemba vimejaa vumbi la pumba, kila mmoja na ungo wake wenye mchele ndani. Mbele Tusekile. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akauweka ungo juu ya mapaja ya mume wake, taratibu, kama anayempakatisha mtu mtoto.

— Ugonile, Baba Brayson, alimsalimu Kinyakyusa, umelalaje.

— Nimelala, nimeamka, alijibu Jailos. Nini hiki?

— Kazi yako. Umesema unakwenda kusaini. Mimi nikasema sawa.

— We mwanamke, watu wanaangalia!

— Waangalie. Miaka mitatu umechambua bila kuonekana, leo waone.

Wengine wakaanza kupanga nyungo zao, benchini na chini, wakitaja majina kama karani wa orodha. Huu wa fulani, yuko kijiwe cha bajaji. Huu wa fulani, yuko Rujewa anafuata ng'ombe. Ikupa akaja wa mwisho, mama mfupi mwenye sauti nene, akauweka ungo wake pembeni peke yake.

— Huu wa mume wangu, alisema Ikupa. Alifariki mwaka juzi. Na hajachelewa kazini hata siku moja.

Hapo hata Wakili alishusha kikombe. Karatasi ya getini tulikuwa tumeisoma wote, na kwenye karatasi ile marehemu alikuwa namba saba.

— Shemeji, alianza Profesa kwa upole, tuliza moyo. Hii kupeta ni fizikia tu. Kitu chepesi kinaruka, kizito kinabaki. Lete nikuoneshe.

Akachukua ungo. Akaurusha. Kizito nacho kiliruka. Mchele ukamwagikia shingoni mwa Wakili, pumba zikatua kwenye vikombe vyote vitatu, na chuya zikabaki zimekaa ndani ya ungo kwa raha zao. Wanawake wakapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Kabwe.

— Upepo, alisema Profesa. Upepo haukuwa upande wangu.

Tusekile hakucheka. Alikuwa anamtazama mume wake.

— Nisikilize, Baba Brayson, maana nyumbani hunisikii. Miaka sita niko mle ndani. Nikiumwa, hajaumwa mtu, kwa sababu Jailos mzima. Nikizaa, hajazaa mtu. Ila kiroba kikikutwa na kokoto, Fanueli hamwiti Jailos. Anajua kabisa kuniita mimi! Makosa ni yangu, kazi yako. Kwa nini?

— Mama Brayson, alisema Jailos, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Tunagombania nini? Si mambo yote yanaingia nyumba moja?

— Na siku ukiamua nyumba ziwe mbili?

Jailos akaanza kuuzungusha ungo mapajani. Kidole kimoja hakivunji chawa, alinong'ona Wakili, akijaribu kumsaidia, lakini hakuna aliyejua chawa ni nani.

— Hatuingii, Tusekile aliwaambia wenzake, na akatandika kanga chini, kando ya ukuta. Gari la mnunuzi liko uani, halijajaa nusu. Wenye majina wachambue.

Wakakaa chini wote. Nikawazungushia kahawa, na sikumwomba mtu kitu.

Tulikuwa hivyo, wanaume juu ya benchi na nyungo mapajani, wanawake chini wamenyoosha miguu, alipotokea binti mmoja upande wa soko. Mwembamba, sweta la shule lililopauka, na kwapani ungo mpya kabisa uliofungwa kwenye kitenge. Alituangalia kwa mashaka, halafu akapiga goti kidogo.

— Kamwene. Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ilikuwa imekaa mahali pake, ingawa mwenyewe hakujua.

— Naitwa Evarista. Natokea Iringa, upande wa Tosamaganga. Nimesikia leo hapa wanaandika wachambuzi.

— Wanaandika, alisema Wakili, akijikung'uta mchele shingoni.

— Ila dada mmoja stendi kaniambia lazima uje na jina la mwanaume ndo unaandikwa. Sasa mimi mume sina. Baba simjui. Kaka sikuzaliwa naye. Nyumbani kuna bibi yangu na mimi, na kazi naifanya mwenyewe. Je, naandikisha jina la nani?

Aliuliza bila ubishi, kama mtu anavyouliza njia ya kwenda choo cha soko. Alimtazama Wakili, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaongea.

Wakili akasogeza kikombe. Akamtazama Profesa.

— Kwa kawaida... alisema Profesa. Kwa kawaida kunakuwa na mtu.

— Nani?

— Mtu yeyote. Wa kiume.

— Mnaweza mkanipa? Evarista aliuliza.

Profesa akainamia ungo wake akaanza kutafuta chuya. Wakili akatazama ukuta. Jailos ndiye peke yake aliyeendelea kumwangalia yule binti, na sijui alimwona nani pale, lakini binti yao wa kwanza yuko kidato cha tatu. Sheria zao zilikuwa zimeisha, na mimi nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kweli.

Saa nne ikafika, na Fanueli akatoka getini na orodha yake, jasho limemtoka kwenye baridi ile. Nyuma yake honi ya gari la mnunuzi ilikuwa inapigwa kwa kukatakata.

— Jailos Mwambene! aliita. Njoo usaini haraka. Na nyinyi akina mama, nyanyukeni, gari linasubiri.

Hakunyanyuka mtu.

— Akisaini, apete, alisema Tusekile kutoka chini.

— Mama Brayson, usituletee siasa. Naweza kuleta watu kutoka Uyole, mchana huu wakawa hapa.

— Walete. Kanga hii ndefu.

Fanueli akageuka, akamwona Evarista na ungo wake mpya.

— Wewe, umekuja kutafuta kazi? Haya, ingia ndani.

Binti alilitazama lile geti lililokuwa wazi. Ametoka Iringa kwa ajili ya geti lile. Kisha akafungua kitenge chake, akakitandika kando ya kanga ya Ikupa, akakaa.

— Nasubiri jina, alisema.

Nikampa kikombe cha mwisho. Birika lilikuwa limebaki machicha matupu.

— Jailos! Fanueli alikuwa sasa anapiga kelele. Wewe ndiye mkuu wa kaya. Wewe ni mwanaume, sema neno na mkeo!

Jailos akasimama. Alikuwa amesahau ungo mapajani, mchele wote ukamwagika miguuni kwake. Aliutazama. Alimtazama Profesa, akamtazama Wakili, na wote wawili walikuwa na shughuli nyingi.

— Mimi sijui kupeta, alisema.

— Nani kakuambia upete? Njoo usaini!

— Sijui kupeta, Fanueli, na chuya sizijui. Huyo unayemtaka si mimi. Mimi niko hapa benchini siku zote, si unaniona?

Kisha akakaa, uso umemwiva kwa aibu. Sitamsifu. Maneno hayo alidaiwa miaka mitatu. Lakini aliyasema mbele za watu, na nimeona nisiyafiche.

Honi ikapigwa kwa kirefu. Fanueli alitazama uani, akatazama wanawake, akahesabu kwa macho kama kuna hata mmoja anayelegea. Hakuna aliyelegea. Akageuza ile orodha upande wa nyuma, mweupe, akasogea mpaka mbele ya Tusekile, akachuchumaa, akaiweka juu ya paja lake.

— Haya. Unaitwa nani?

— Nani, mimi?

— Wewe. Jina kamili.

— Miaka sita, Fanueli.

— Nakujua kama Mama Brayson tu, alisema Fanueli chinichini.

Tusekile akanyanyuka, akakung'uta kanga yake.

— Tusekile Mwakajila. Andika.

Akaandika.

— Soma nisikie.

— Mama, gari...

— Soma.

Akalisoma kwa haraka, midomo haijafunguka vizuri.

— Kwa sauti. Ile ya mwaka jana, uliyoniulizia mimba ya Jailos.

Fanueli akaliita jina lile kwa sauti kubwa, lote, la kwanza na la ukoo. Wenye bajaji ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama ni nani anayeitwa.

— Ndiyo mimi, alisema Tusekile. Sasa mwandike Ikupa. Halafu huyu binti.